Chumvi Kwenye Paji la Uso

Pale dukani tulimwita Mama Kufuli, na hakuchukia. Yeye alikuwa mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, mimi nilikuwa kaunta ya rangi. Ukiingia stoo kuchukua misumari au gundi, alikutazama mikono kabla ya kukutazama uso. Tulimtania kwamba humpekua mifuko hata mumewe anaporudi kutoka kazini.

"Nampekua," alijibu bila kucheka. "Bado sijakuta kitu."

Mwenye duka alimthamini kwa tabia hiyo, maana kabla yake saruji ilikuwa ikiota miguu. Nyumbani, tabia ileile ilimponza. Mengine ya habari hii niliyaona kwa macho yangu, mengine alinisimulia mwenyewe tukiwa tumekaa juu ya maboksi ya vigae, wakati wateja wamepungua.

Alipojifungua binti yake, ambaye wote tulimjua kwa jina la utani la Kadogo, wifi yake alihamia kwao ili amlee mtoto mama akirudi kazini. Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mjane asiye na mtoto, mshona mapazia. Alikuja na cherehani yake akaiweka chumba cha nyuma, karibu na dirisha, na kitanda cha mtoto kikawekwa pembeni yake. Mume mwenyewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno ya kuhesabu. Aliona mambo yamenyooka: dada kapata pa kukaa, mtoto kapata mlezi wa damu yake.

Kadogo alikuwa na mambo yake. Alikula kama anayefukuzwa, lakini hakunenepa. Tumbo lilijaa, mikono ikabaki vijiti. Choo chake kilikuwa kingi, cha mafuta mafuta, na harufu yake ilikaa chumbani hata dirisha likiachwa wazi. Na alikohoa. Kikohozi kilipewa dawa kikatulia, kisha kikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Jioni moja Mama Kufuli alikuwa anavua viatu mlangoni, wifi yake akamwambia, "Wifi, huyu mtoto ukimbusu ana chumvi."

"Chumvi gani?"

"Chumvi ya kawaida. Hapa kwenye paji la uso. Hebu mwonje."

Alimbusu. Kweli, midomo yake ilibaki na ladha, kama mtu aliyelamba kidole baada ya kutia chumvi kwenye mboga. Mwanamke mwingine angeshangaa, kesho yake akaenda kuuliza zahanati. Yeye alijiuliza swali la stoo: huyu aliyejua wa kwanza, alijuaje?

Tangu siku hiyo alimwekea wifi yake jicho. Alichukua kopo la chumvi kutoka jikoni akalificha chumbani kwake, kisha akaona chumbani hapatoshi, akawa analibeba kwenye mkoba hadi kazini. Mimi nililiona kopo lenyewe, nikadhani labda ana mapishi yake. Kumbe nyumbani watu walikuwa wanakula chakula kisicho na ladha.

"Wifi, chumvi imeisha?" dada wa watu aliuliza.

"Imeisha."

"Ninunue?"

"Usinunue."

Mume alimeza tonge akakata jingine. Mtoto akazidi kuwa na chumvi.

Basi siku moja alikuja naye kazini. Lilikuwa jua la kupasua mawe na paa letu ni la bati. Kadogo alishinda kwenye kikapu kati ya mabomba na makopo ya rangi, hakuguswa na mtu ila mama yake. Mchana nilimwinamia, nikaona pembeni mwa macho, pale jasho lilipokauka, kuna unga mweupe mwembamba. Nikasema, "Mwenzangu, hii si inatoka kwenye jasho lake?"

Alinitazama mikono, halafu uso. "Na wewe umeongea naye lini?"

Nilirudi kwenye kaunta yangu. Ushahidi ulikuwa umelala mbele yake kikapuni, lakini dhana ikishaingia ndani, ukiifungia mlango hupita dirishani. Aliondoka amejiridhisha kwamba kama si kwenye uji, basi ni kwenye maji ya kuogea, au kwenye mafuta ya kupaka.

Haukupita muda mrefu Kadogo akalazwa kwa nimonia. Wodini, muuguzi mmoja alimpima uzito, akamgeuza geuza, akauliza kwa sauti ya kusikika vitanda vya jirani, "Mama, huyu mtoto nyumbani anakula?"

"Anakula."

"Anakula nini?"

Akina mama wengine wakageuza shingo. Mama Kufuli alinieleza kwamba hajawahi kuona aibu kama ile. Yeye ndiye aliyezoea kuuliza watu, na sasa anaulizwa yeye, mbele za watu, kama mwizi wa chakula cha mwanawe. Akasema mtoto analishwa na wifi yake. Na aliposema hivyo, akaamini kabisa.

Walipotoka hospitali alimkuta wifi jikoni anachemsha maziwa.

"Unamtia nini mwanangu?"

Wifi alizima jiko kwanza. "Sijakuelewa."

"Umenielewa. Umekosa wako, unamdhoofisha wangu."

Fundi wa friji alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa dawa mkononi. Alisikia neno lile, na dada yake aliona kwamba amelisikia. Dada akamsubiri ndugu yake aseme kitu. Hakusema. Basi alikwenda chumba cha nyuma, akakunja mapazia ya watu, akaita mkokoteni, akapakia cherehani. Mlangoni alisema neno moja tu, "Mtoto huyu ni mgonjwa, wifi. Mpelekeni kwa wanaojua."

Nafasi yake ikachukuliwa na mama mzazi wa Mama Kufuli. Bibi huyu alikuja na kauli yake tayari: wifi ni wifi, hata akikuchekea meno thelathini na mawili. Alimlea mjukuu kwa bidii, akamwogesha, akamlisha, akambeba. Ila kuna jambo Mama Kufuli alilibaini, maana hakimpiti kitu: mama yake hambusu mtoto. Humbeba, humwimbia, lakini akimsogeza usoni hugeuza shavu. Alijaribu kulipuuza, akashindwa. Akaanza kumtilia shaka hata mama yake.

Na chumvi ilikuwa palepale.

Kikohozi kilipowashinda madaktari wa karibu, wakapewa rufaa ya hospitali kubwa. Huko walimkuta daktari wa watoto, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba. Alisikiliza mapafu ya Kadogo kwa muda mrefu, akauliza habari za choo, akauliza habari za uzito. Halafu akauliza, "Mama, ukimbusu mwanao ana ladha gani?"

Mama Kufuli alishtuka. "Nilidhani wifi ameshafika pale kunishtaki kabla yangu," aliniambia. Ikabidi mumewe ndiye ajibu.

"Ana chumvi, daktari."

Siku hiyohiyo Kadogo alifungwa vibandiko vidogo mkononi, umeme mdogo sana ukapitishwa ili atoe jasho, jasho likakusanywa likapimwa. Kipimo kikarudiwa. Chumvi ilikuwa nyingi mno, na haikuwa imetiwa na mtu. Ilikuwa inatoka ndani ya mwili wake mwenyewe. Daktari akautaja ugonjwa: sistiki faibrosisi. Akawatamkia polepole, wakamfuatisha kama watoto wa chekechea.

Akawaeleza kwamba mwili wa mtoto huyu haujui kuipitisha chumvi inavyotakiwa. Jasho linatoka na chumvi nyingi, na kohozi na majimaji mengine ya ndani yanakuwa mazito kama gundi. Ndiyo maana mapafu yanaziba na kuoza, ndiyo maana chakula chenye mafuta kinapita bila kumfaa. Dawa ya kumaliza ugonjwa hakuwa nayo pale. Lakini kulikuwa na vidonge vya kumeza pamoja na chakula ili tumbo lisage mafuta, kulikuwa na namna ya kumpigapiga mgongo na kifua kila siku ili kohozi litoke, na dawa za kuwahi nimonia kabla haijakomaa.

"Na wakati wa joto," daktari akasema, "mwongezeeni chumvi kwenye chakula. Anapoteza nyingi. Ikipungua sana mtoto huyu anaweza kuzimia, hata kufa."

Mama Kufuli aliushika mkoba wake. Kopo lilikuwemo.

"Ameupata wapi?" mume akauliza.

"Kwenu," daktari akajibu.

"Kwetu hakuna ugonjwa huo."

"Na kwetu hakuna," mke naye akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakatazamana.

Daktari alivua miwani. Akasema kila mtu ana maelekezo ya mwili wake kwa jozi, moja la baba, moja la mama. Moja likiwa na kasoro na jingine zima, lile zima linatosha. Mtu anaishi hadi uzee bila kukohoa kwa ajili hiyo, wala hajui kwamba ameibeba kasoro. Huyo anaitwa mbebaji. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto kurithi kasoro pande zote mbili na kuugua, mbili katika nne za kuwa mbebaji kama wao, na moja ya kutorithi kabisa. "Na kila mimba inaanza hesabu upya. Msije mkadhani huyu ameugua, basi watatu wanaofuata wamenusurika."

Wakatolewa damu ili ipimwe. Walipokuwa wanatoka, mume akabaki nyuma kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Daktari, na ikitokea mimi sina?"

Mama Kufuli alikuwa amefika mlangoni na mtoto begani, lakini masikio yake ni ya stoo. Alilielewa swali lile kuliko daktari. Mwanamume yule mnyamaza, aliyekaa naye miaka bila kumwuliza umetoka wapi, alikuwa anauliza kama mtoto ni wake.

Kusubiri majibu kulikuwa kugumu. Walipishana ndani ya nyumba kama wapangaji. Yeye alikumbuka kila safari ya mumewe ya kutengeneza friji za watu, mume naye bila shaka alikuwa na orodha yake moyoni. Bibi alipika, akapakua, akajifanya haoni.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaambia wote wawili pamoja: wote ni wabebaji. Fundi wa friji alitangulia mbele hadi kituo cha basi. Pale kwenye benchi akasema, "Na mimi ninayo."

"Ulitaka usiwe nayo."

"Nilitaka mtoto asiwe mgonjwa."

"Hilo si swali ulilomwuliza daktari."

Aliinamisha kichwa. Baadaye akasema, "Dada yangu nilimwacha apakie vitu vyake nikiwa nimesimama. Naye ndiye aliyeniogesha mimi nikiwa mdogo." Hapo Mama Kufuli akajua imempasa kwenda kwa wifi yake, na alijua hana miguu ya kwenda.

Badala yake alirudi nyumbani akamkabili mama yake. Alimkuta anaanua nguo kwenye kamba.

"Mama, mimi ni mbebaji. Nimeitoa kwako au kwa marehemu baba. Kaka yetu wa kwanza, yule aliyefariki mchanga. Alikuwa na chumvi?"

Bibi aliendelea kukunja shuka, akaikunja vibaya, akaifungua, akaikunja tena. "Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Humbusu mjukuu wako."

Bibi alikaa juu ya beseni la nguo lililopinduliwa. Ndipo akayatoa. Mwanawe wa kwanza alikuwa hivihivi: tumbo kubwa, mikono vijiti, kikohozi. Aliyekuwa anamsaidia kumlea ni wifi yake, mdogo wa mumewe, msichana ambaye ndiyo kwanza amemaliza shule. Siku moja msichana yule alisema, huyu mtoto ana chumvi ukimbusu. Akacheka. Mtoto akafa msimu wa joto, baada ya kutapika siku moja tu. Watu wakaanza kuulizana: yule binti alijuaje kuhusu chumvi? Si ndiye aliyekuwa anashika kijiko?

"Nani alisema hivyo, mama?"

"Watu."

"Watu gani?"

Bibi akamtazama. "Mimi," akasema. "Mimi nilisema, watu wakabeba."

Shangazi huyo Mama Kufuli alikuwa hajawahi kumwona. Alijua tu kwamba yupo, kwamba anaishi mji mwingine, na kwamba jina lake halitajwi nyumbani. Siku zote aliambiwa ni mtu mbaya, na hakuwahi kuuliza ubaya wenyewe ni upi. Kati ya maswali yote aliyowahi kuuliza watu, hilo hakuliuliza.

Bibi alikataa kwenda. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, akasema miguu inamuuma, akasema huenda yule mwanamke ameshahama. Mama Kufuli akamwambia, "Basi nitakwenda peke yangu nimwambie wewe umekataa." Asubuhi ya Jumapili bibi alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Shangazi alikuwa na kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Walimkuta chumba cha pasi, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, mvuke umemzunguka. Alimtambua bibi mara moja. Hakuacha pasi. Alimaliza foronya aliyokuwa nayo, akaiweka juu ya nyingine, ndipo akasema, "Wifi. Umezeeka."

"Nimezeeka."

"Huyu?"

"Mwanangu. Na huyo ni mjukuu wangu. Ana chumvi, wifi. Hospitali wamempima. Ni ugonjwa wa kurithi, upo kwenye damu yangu na damu ya kaka yako. Hukumtia kitu mtoto wangu."

"Mimi najua sikumtia kitu," shangazi akasema. "Hilo nililijua siku zote. Umekuja kuniambia kitu ninachokijua."

Bibi akashikilia ukingo wa meza. Mama Kufuli akamsogezea kiti, lakini hakukaa.

"Niambie nisichokijua," shangazi akaendelea. "Mlinifukuza kabla ya mazishi. Mlimlaza wapi?"

Basi bibi akamweleza. Akamweleza mahali, nani alimbeba, alifunikwa shuka gani, alivyokuwa mwepesi. Alieleza taratibu, bila kuruka, na shangazi alisikiliza akiwa amesimama wima, machozi yanashuka wala hayafuti. Walipomaliza, Mama Kufuli alimnyooshea Kadogo ili ampakate. Shangazi akarudi nyuma hatua.

"Samahani, mwanangu. Watoto wa watu siwashiki. Tangu wakati ule sijashika hata mmoja."

Hakumshika siku ile. Aliwapa chai, akawauliza safari ilikuwaje, akawasindikiza hadi getini. Bibi alipoomba msamaha alijibu, "Nimekusikia," basi.

Mama Kufuli aliniambia kwamba kilichomtisha hakikuwa machozi, ni ile hatua ya kurudi nyuma. Aliwaza wifi yake naye, baada ya miaka kama hiyo, anamkwepa mtoto wa jirani. Jumatatu aliomba ruhusa dukani, jambo ambalo hatujawahi kuliona, akaenda.

Wifi alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la vitambaa. Alimfungulia mlango nusu.

"Umekuja kuomba radhi, au umekosa mlezi?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Mlezi unaye?"

"Mama anachoka."

"Kwa hiyo ni yote mawili."

"Ni yote mawili," Mama Kufuli akakiri. "Ila hata ningekuwa na walezi kumi ningekuja."

Wifi aliutafakari uso wake kwa muda, kama mtu anayekagua noti. Kisha akafungua mlango wote. Alisikiliza habari ya hospitali hadi mwisho, akauliza maswali ya maana: vidonge vinatolewa kabla ya chakula au katikati, mgongo unapigwa kiganja kikiwaje. Alipoambiwa kwamba yeye naye, kwa kuwa ndugu yake ni mbebaji, huenda akawa mbebaji, alicheka kidogo. "Mimi nambebea nani tena?" Lakini alipima, maana kulikuwa na fundi seremala aliyekuwa akimletea mapazia yasiyohitaji kushonwa. Akakutwa hana.

Kurudi kuishi nao alikataa. "Kusamehe nimesamehe. Kulala nyumba moja na wewe, wifi, bado." Akakubali kumlea Kadogo mchana, kwake, mlango ukiwa wazi. Kwa miezi mingi kila alipompikia mtoto alimwita Mama Kufuli, au jirani yeyote, aje aonje kwanza. Mama Kufuli alionja. Alijua anaadhibiwa.

Aliyebaki mgumu ni mdogo wa kiume wa Mama Kufuli, aliyekuwa na mchumba. Dada alimsihi apime. Akasema ni njama ya kumvunjia uchumba, na kwamba madaktari wanatafuta biashara. Hadi leo hajapima, na ameoa.

Shangazi alianza kupiga simu. Kwanza kwa wiki mbili mbili, akimwuliza Kadogo anaendeleaje, bila kumwulizia bibi. Baadaye akamwulizia na bibi. Hawajawa marafiki, wala sidhani watakuwa.

Kadogo sasa anasoma. Ni mwembamba, anakohoa, analazwa mara kwa mara, na darasani anajulikana kwa kula kuliko wavulana. Mwalimu wake wa kwanza alidhani vile vidonge ni peremende akamnyang'anya, na mama yake alifika shuleni kabla kengele haijalia. Tabia haijaisha, imepata kazi nyingine.

Mwaka jana walizaa tena, mtoto wa kiume. Mimba yote waliiogopa, mume akawa anazungumza usingizini. Mtoto alipozaliwa walimchoma kisigino, wakachukua damu, wakasubiri. Jibu likaja kwamba ni mbebaji kama baba na mama yake: haugui, ila anayo. Nilikuwepo walipomleta nyumbani. Wifi alimpokea mlangoni akampakata.

"Huyu itabidi aambiwe mapema," akasema, "kabla hajaanza kuleta wachumba."

"Hata macho hajafungua vizuri," ndugu yake akasema.

"Ndiyo wakati wenyewe," wifi akajibu, akaingia naye ndani kutafuta beseni la kumwogeshea.